Kwa nini mpiga mbizi hawezi kuharakishwa

MWEZI wa Oktoba mwaka 2019, karibu kila mgonjwa aliyeingia chumbani mwangu aliniuliza swali moja kabla hata hajaniambia alichougua. "Daktari, hawa wanamaji wetu wanangoja nini?"

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Jumapili ya Septemba 29 mwaka huo, gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likiwa na mama na bintiye. Lilitolewa majini Oktoba 11, siku ya 13. Katika siku hizo, watu waliokuwa wamesimama ufuoni, na wengine wengi waliokuwa wameketi mbele ya televisheni, walifikia uamuzi kwamba wapiga mbizi wetu ama hawajui kazi au ni waoga.

Wakati ule nilijibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu. Leo ningependa kujibu kwa urefu, na ili nijibu vizuri itanibidi nimpeleke msomaji mbali kidogo, hadi pwani ya Marekani miaka ya 1915 hadi 1939. Huko ndiko wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji walikoshuka kutafuta nyambizi zilizozama, na sehemu kubwa ya tunayoyajua sisi madaktari kuhusu mwili wa mtu aliye chini ya bahari tuliyapata kutokana na miili yao.

Uzito wa bahari

Mtu aliyesimama ufuoni hubeba uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Hatuuhisi kwa kuwa tumezaliwa nao. Akishuka baharini mita 10, uzito mwingine sawa na ule humwongezekea. Akishuka mita 20 unaongezeka tena. Gari la Likoni lilikuwa katika kina cha takriban mita 58, ambako shinikizo ni karibu mara saba ya lile la ufuoni.

Nyama na mifupa hazisagiki kwa shinikizo hilo kwa sababu mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji. Taabu iko kwenye hewa. Ili mapafu yasibanwe, mpiga mbizi hana budi kuvuta hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Na hewa, karibu sehemu nne kwa tano, ni gesi ya nitrojeni. Huku juu nitrojeni haina kazi mwilini. Tunaivuta na kuitoa. Chini ya shinikizo kubwa huanza kuyeyuka na kuingia katika damu, kisha katika mafuta, ubongo na uti wa mgongo.

Fungua chupa ya soda kwa haraka utaona kinachofuata. Gesi iliyokuwa imetulia ndani ya maji inatoka kwa mapovu. Mpiga mbizi akipanda haraka, damu yake hufanya vivyo hivyo. Mapovu yakikwama kwenye viungo huleta maumivu makali ya bega, kiwiko au goti. Yakikwama kwenye uti wa mgongo, miguu hupooza na mkojo hukataa kutoka. Yakijaa katika mishipa ya mapafu, mtu hufa.

Aliyetuonyesha namna ya kuepuka balaa hili ni Mwingereza John Scott Haldane, ambaye mwaka 1908 alichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua. Majaribio yake alifanya kwa mbuzi. Aliwaweka katika chumba cha shinikizo, akawatoa kwa kasi tofauti, akaangalia ni yupi aliyeinua mguu wa mbele kwa maumivu. Tangu hapo mpiga mbizi akishakaa chini muda fulani, hupanda kidogo, husimama, hungoja, hupanda tena. Kadiri alivyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo anavyongoja zaidi akining'inia kwenye kamba ndani ya maji baridi.

Kwa mujibu wa majedwali ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, mtu anayevuta hewa ya kawaida katika kina kama kile cha Likoni ana dakika tano tu, zikihesabiwa tangu anapoondoka juu, ikiwa anataka kupanda moja kwa moja bila vituo. Dakika tano! Fundi wa kawaida hawezi kubadilisha gurudumu la gari kwa muda huo, tena barabarani mchana.

Walioshuka kutafutana

Machi 25, 1915, nyambizi ya Marekani iitwayo F-4 ilizama nje ya Honolulu, Hawaii, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Ilikuwa katika kina cha futi 304, zaidi ya mita 90. Wakati huo hakuna aliyetarajiwa kufanya kazi ya maana kina kama hicho akiwa amevaa kofia ya shaba na viatu vya risasi. Walishuka hata hivyo, wakivuta hewa ya kawaida.

Aprili 17, mmoja wao, William Loughman, alikuwa akipanda alipofika kama futi 250 na mpira wake wa hewa ukajiviringisha kwenye kamba nene ya waya. Hakuweza kupanda wala kushuka. Mwenzake Frank Crilley alijitolea kumfuata, akakaa chini saa mbili na dakika 11 akifungua mafundo hayo. Loughman alitolewa akiwa hoi, lakini hai. Mimi kama daktari nikisoma hesabu ya saa hizo na kina hicho, ninashangaa kwamba hata mmoja wao aliokoka.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi. Desemba 17, 1927, nyambizi S-4 iligongwa na meli ya walinzi wa pwani karibu na Provincetown, Massachusetts, ikazama na watu 40 katika futi 102. Kesho yake mpiga mbizi Thomas Eadie alishuka, akagonga bodi ya chuma. Kutoka chumba cha mbele alijibiwa kwa mapigo sita. Walikuwa watu sita, wangali hai.

Baadaye siku hiyo mwenzake Fred Michels alishuka ili aunganishe mpira wa kuwapelekea hewa, akanaswa kwenye mabaki ya chuma. Eadie alikuwa ameshamaliza zamu yake. Alivaa tena akashuka, na kwa muda wa saa mbili akahangaika gizani hadi akamfungua. Michels alipona. Lakini bahari ilichafuka, kazi ikasimama, na wale sita wakafa hewa ilipowaishia, huku juu yao meli zikiwa zimejaa watu waliojua kabisa walipo.

Crilley na Eadie walipewa Nishani ya Heshima, ambayo ni tuzo ya juu kabisa kwa askari wa Marekani. Nishani haikuondoa swali lililobaki: hata mpiga mbizi akifika, atawatoaje walio ndani?

Squalus

Afisa mmoja, Charles Momsen, alikuwa akilifikiria swali hilo tangu 1925, alipotumwa na nyambizi yake kuitafuta nyingine, S-51, akakuta mafuta na mapovu yakielea juu ya maji asiwe na la kufanya. Alipendekeza kitengenezwe chumba cha chuma kilicho kama kengele kubwa, kiteremshwe hadi juu ya mlango wa nyambizi, kishikane nao, watu wapande kutoka humu hadi humo bila kulowa. Pendekezo lake lilikaa kabatini hadi S-4 ilipozama. Chumba kilipokamilishwa na afisa mwingine, Allan McCann, kilipewa jina la huyo wa pili, na kwa miaka mingi hakikupata kutumika ila kwa mazoezi.

Asubuhi ya Mei 23, 1939, nyambizi mpya Squalus ilikuwa katika majaribio nje ya Portsmouth, New Hampshire. Ilipokuwa ikizama kwa kawaida, taa za ubao zote zilionyesha kijani, yaani kila tundu limefungwa. Kumbe vali kubwa inayoingizia injini hewa ilikuwa wazi. Bahari ikamiminika nyuma. Fundi wa umeme, Lloyd Maness, alikuwa ameshika mlango mzito wa chuma unaotenga sehemu ya nyuma na ya mbele. Akauzuia wenzake wapite huku maji yakiwafuata, kisha akaufunga. Watu 26 wakabaki nyuma. Wengine 33 wakajikuta gizani, futi 243 chini, sawa na mita 74, ndani ya chuma kilichokuwa kikipoa kuwa kama barafu.

Hapa naomba msomaji aangalie jinsi kamanda wao, Luteni Oliver Naquin, alivyofanya, kwa sababu ni tiba tupu. Aliwaamuru walale, wasitembee, wasizungumze bila sababu. Mtu aliyelala hutumia oksijeni kidogo na kutoa hewa chafu kidogo. Walimwaga chini unga wa kufyonza hewa hiyo chafu ya kaboni, kwa sababu katika chumba kilichofungwa, kaboni ndiyo inayowahi kumuumiza mtu kabla oksijeni haijamwishia: kichwa kinauma, anahema, anasinzia, anazimia. Walirusha fataki za moshi na kuachia boya, na nyambizi pacha, Sculpin, ikawaona.

Kesho yake meli Falcon ilifika na chumba cha McCann. Kwanza ilibidi mtu ashuke kufunga waya kwenye mlango wa nyambizi ili chumba kijivute hadi hapo. Alishuka Martin Sibitzky. Katika kina kile nitrojeni ina ubaya wa pili: hulevya. Mtu huona mambo yote ni mazuri, husahau alichotumwa, mikono hukataa kutii. Sibitzky aliukuta mlango, akafunga waya, akapandishwa.

Chumba kikaanza kazi. Safari ya kwanza kilileta watu saba, ya pili tisa, ya tatu tisa. Kwa kuwa ndani ya nyambizi na ndani ya chumba shinikizo lilikuwa karibu sawa na la juu, waliookolewa hawakuhitaji kupandishwa kwa hatua. Walitoka wakitetemeka, wakapewa mablanketi. Lakini mpiga mbizi aliyekaa dakika chache tu nje ya bodi hiyo hiyo alilazimika kuning'inia majini muda mrefu kuliko ule aliofanya kazi. Watu wengi hawalijui hili.

Safari ya nne, ikiwa na wanane wa mwisho pamoja na waendeshaji wawili, James McDonald na John Mihalowski, ilikwama njiani. Waya uliokiinua chumba ulianza kukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Ikabidi kirudishwe chini kabisa. Wapiga mbizi waliteremshwa usiku wakafunge waya mpya, mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine nitrojeni ikawapotezea fahamu zao hata wakashindwa kufunga kitu ambacho juu wangekifunga wakiwa wamefumba macho. Mwishowe Momsen aliamua wavute kwa mikono, taratibu, ule uzi uliobaki. Watu wa Falcon wakapanga foleni kwenye staha wakavuta. Baada ya zaidi ya saa nne za kukwama, muda mfupi baada ya usiku wa manane, mlango ulifunguliwa na Naquin, wa mwisho wa watu wake, akatoka.

Wote 33 walipona. Baadaye William Badders na Mihalowski walishuka tena hadi mlango wa nyuma, wakijua kwamba ikiwa maji yamejaa humo yangeweza kufumuka na kuwaua. Walifungua kidogo. Maji. Wakafunga.

Gesi nyingine

Kuiinua Squalus yenyewe kulichukua hadi Septemba 13. Wapiga mbizi walishuka zaidi ya mara 600 kupitisha minyororo chini yake na kuifunga maboya makubwa ya chuma. Julai 13 ilichomoza majini kwa pua yake mara moja, kama nyangumi, ikatereza kwenye minyororo na kuzama tena. Wakaanza upya.

Kazi hiyo isingewezekana kwa hewa ya kawaida, kama usiku ule ulivyoonyesha. Hapa ndipo anapoingia daktari wa jeshi, Albert Behnke. Mwaka 1935 yeye na wenzake walikuwa wameeleza kwamba ulevi wa chini ya maji unatokana na nitrojeni yenyewe, wala si woga wala si tabia dhaifu ya mpiga mbizi kama wengi walivyodhani. Dawa ilikuwa kuiondoa nitrojeni na kuchanganya oksijeni na heliamu, gesi ile nyepesi ya kujazia baluni. Squalus ndiyo kazi kubwa ya kwanza iliyofanywa kwa mchanganyiko huo. Akili za wapiga mbizi zilibaki timamu. Sauti zao kwenye simu zikawa nyembamba kama za watoto, na baridi ikawazidi, kwa kuwa heliamu hunyonya joto la mwili kwa haraka kuliko hewa. Ilibidi wavalishwe nguo za ndani zenye nyaya za umeme.

Hakuna mpiga mbizi aliyekufa katika miezi yote hiyo. Nishani za Heshima zilikwenda kwa Badders, McDonald, Mihalowski na Orson Crandall. Behnke hakupata, wala sidhani alikuwa akiitafuta, lakini kila mtu anayeshuka leo zaidi ya mita 60 akarudi na akili zake anamdai shukrani.

Kijana wa majongoo

Ninayasimulia haya nikiwa na sababu yangu. Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya pwani, aliletwa kijana wa miaka ishirini na kitu akilalamika bega na kiwiko. Nilimuuliza kama ameanguka. Hapana. Kama amebeba mzigo mzito. Hapana. Kama anacheza mpira. Akacheka. Nikamwandikia dawa za maumivu nikamwambia arudi baada ya wiki.

Alirudi kesho yake amelala nyuma ya pikapu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kutoka kiunoni, kibofu kimejaa. Nduguye ndiye aliyesema, kama jambo la kawaida, kwamba kijana ni mzamiaji wa majongoo bahari na kwamba juzi alishuka mara nne na mtungi wa hewa, akipanda mbio kila gunia lilipojaa. Tulimwekea oksijeni na kumsafirisha alale katika chumba cha shinikizo, ambamo mgonjwa hurudishwa "chini" bila maji, mapovu yakanywea, kisha akapandishwa polepole kwa saa kadhaa. Lakini tulikuwa tumepoteza siku nzima, na siku hiyo niliipoteza mimi. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akitembea kwa mkongojo.

Sikumuuliza kazi yake. Hilo tu.

Kwa hivyo nilipoulizwa mwaka 2019 wanamaji wa Kenya walikuwa wakingoja nini, nilimkumbuka kijana yule. Pale Likoni walikuwa na mkondo unaobadilika kila saa chache, maji wasiyoona mbele, kina cha kulevya, na saa isiyobembelezwa. Hakuna kati ya waliowazomea ambaye angemtuma mwanawe ashuke kabla kazi haijapangwa. Kadhalika, tusisahau kwamba nyambizi ya Urusi, Kursk, ilipozama Agosti 2000 na watu 118 katika mita 108, siku tisa zilipita kabla ya wapiga mbizi kutoka Norway kufungua mlango wake wa nyuma, nao walikuwa na vifaa bora kabisa vya wakati huo. Walikuta maji.

Kwa anayekwenda likizo pwani

Wasomaji wengi wa mjini siku hizi hujifunza kuzamia Diani au Watamu wakiwa likizoni. Ni mchezo salama ukifuata mwalimu wako, lakini mambo machache hayaelezwi vya kutosha.

La kwanza ni safari ya kurudi. Ukizamia asubuhi na kupanda ndege jioni, shinikizo la hewa ndani ya ndege ni dogo kuliko la ufuoni, na nitrojeni iliyobaki katika damu inaweza kutoka kwa mapovu ukiwa angani. Baada ya kuzamia mara moja ngoja angalau saa 12. Kama umezamia mara kadhaa, saa 18. Mimi huwaambia wagonjwa wangu siku nzima ili wasihesabu. Na wenye magari wasijidanganye. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na barabara ya kutoka Mombasa ni kupanda tu.

Baada ya kuzamia, maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, madoa ya kuwasha kwenye ngozi au shida ya kukojoa si mambo ya kulala ukitumaini yataisha. Mengi hutokea ndani ya saa chache, mengine kesho yake. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi, anywe maji kama hana kichefuchefu na fahamu zake ni timamu, na apelekwe hospitali. Asirudishwe majini eti "akatoe hewa," kama wazamiaji wengine wanavyofanya. Wenye pumu, waliowahi kupasuka pafu na wanawake wajawazito wamwone daktari kabla ya kufikiria mtungi.

Na ukifika hospitalini, hata kama daktari hakuulizi, mwambie ulikuwa chini ya maji, kina gani na kwa muda gani.